Kihisi Kinachojua Kinapokosea

Mwezi uliopita niliweka kihisi kimoja cha mwendo juu ya meza, nikakibana kwa skrubu ili kisitikisike, nikakiunganisha na kompyuta na kukiacha kiandike kwa muda wa saa 8, tangu nilipolala hadi nilipoamka. Ni kihisi cha aina ile ile inayokaa ndani ya simu: kipande cha silikoni kilichofungwa katika kasha la plastiki lenye upana wa milimita 3 hivi. Asubuhi nilichukua namba zote, nikaondoa mvutano wa dunia, ambao kihisi cha aina hii hakiachi kuuona hata kikiwa kimetulia, kisha nikafanya hesabu inayojulikana na kila aliyesoma fizikia: kutoka kwenye mchapuko, yaani kiasi ambacho kasi inabadilika, hadi kwenye kasi yenyewe, na kutoka kwenye kasi hadi kwenye umbali. Jibu lilisema kwamba kihisi kilichobanwa mezani usiku kucha kilikuwa kimesafiri kilomita 400 na zaidi.

Kihisi hicho si kibovu. Kosa lake lilikuwa kama sehemu 1 ya 10,000 ya mvutano wa dunia, na kwa kazi nyingi za simu, kama vile kugeuza picha simu inapolazwa au kuhesabu hatua za mtembeaji, kosa la kadiri hiyo halina athari yoyote. Ila hesabu ya umbali hulikuza kosa kwa mraba wa muda. Katika dakika ya kwanza halifiki hata mita 2. Baada ya saa 1 limepita kilomita 6. Na kufikia alfajiri limekuwa safari ya kutoka nchi hadi nchi.

Nimefuatilia habari za vifaa hivi kwa miaka mingi, na karibu kila anayetabiri mustakabali wake hutaja mambo yale yale: vitakuwa vidogo zaidi, rahisi zaidi kwa bei, na vingi zaidi. Kwamba vitakuwa vingi sina shaka. Linalonishughulisha ni jambo jingine, ambalo naona linazungumzwa kidogo mno: kifaa kilichofukiwa ndani ya zege la daraja, au kilichowekwa katika mshipa wa damu wa mgonjwa, kitaendelea kusema kweli baada ya miaka 10? Na siku kitakapoanza kukosea, nani atajua?

Ili swali hili lieleweke, ni lazima kwanza tuvitazame vifaa vyenyewe. Hujulikana kwa ufupisho wa MEMS, yaani mifumo midogo sana inayounganisha umeme na mekanika, na sifa yake kuu ni kwamba vina sehemu zinazosogea kweli kweli, si umeme mtupu. Ndani ya kihisi cha mchapuko kuna tungamo dogo la silikoni, yaani kipande chenye uzito, lililoning'inizwa kwa springi ambazo nazo ni za silikoni, zote zikiwa zimechongwa kutoka katika kisahani kimoja. Pembeni mwa tungamo hilo kuna vidole vyembamba vinavyoingiliana na vidole vingine visivyosogea, mfano wa meno ya machanuo mawili yaliyosogezwa pamoja bila kugusana. Kifaa kikitikiswa, tungamo hubaki nyuma kidogo, nafasi kati ya meno hubadilika, na pamoja nayo hubadilika kiasi cha chaji ya umeme ambayo meno hayo yanaweza kuishika. Mabadiliko hayo ndiyo yanayopimwa. Msogeo wenyewe unaweza kuwa mdogo kuliko kipenyo cha atomi moja, na bado saketi iliyo kando yake ikauona. Kila ninapolifikiria jambo hili hunistaajabisha upya.

Jairoskopu ya namna hii, yaani kihisi kinachopima kugeuka, haina gurudumu linalozunguka kama zile za zamani. Ina tungamo linalotetemeshwa bila kukoma, na kifaa kinapogeuka, kani ya Coriolis, ile ile inayopinda pepo kubwa juu ya uso wa dunia, hulisukuma tungamo upande. Maikrofoni ni utando mwembamba ulio juu ya sahani yenye matundu. Barometa ni utando mwingine uliofunika chumba chenye ombwe, yaani kisicho na hewa, na kwa kuwa karibu na usawa wa bahari kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake juu ya kila eneo, hupungua kwa takriban paskali 12 kwa kila mita 1 ya kupanda, barometa nzuri ya simu huweza kujua kwamba mwenye simu amepanda ghorofa moja.

Chimbuko la haya yote lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1954 Charles S. Smith, akiwa katika maabara za Bell nchini Marekani, alionyesha kwamba ukinzani wa umeme wa silikoni na gerimani, elementi inayofanana nayo, hubadilika sana vitu hivyo vinapokandamizwa au kuvutwa, na vihisi vya kwanza vya kanieneo vilitokana na ugunduzi huo. Mwezi Desemba 1959 mwanafizikia Richard Feynman alitoa hotuba yake maarufu kuhusu nafasi kubwa iliyoko katika ulimwengu wa vitu vidogo, akaahidi dola 1,000 kwa atakayetengeneza mota ya umeme inayoenea ndani ya mchemraba wenye upande wa 1/64 ya inchi, yaani milimita 0.4 hivi. Mwaka uliofuata mhandisi William McLellan alimletea mota hiyo, ambayo aliiunda kwa mkono akitumia darubini na vibanio. Feynman alilipa, ingawa alikuwa ametumaini kwamba zawadi ile ingezaa mbinu mpya ya utengenezaji. Mbinu hiyo ilitoka upande mwingine, kwa watu wa transista, ambao walikuwa wameshajifunza kuichonga silikoni kwa mwanga na kemikali. Mwaka 1982 mtafiti Kurt Petersen alichapisha makala ndefu akieleza kwa hoja na vipimo kwamba silikoni si malighafi ya umeme tu, ni malighafi bora ya mekanika pia: ni imara, hurudi katika umbo lake baada ya kupindwa, na haichoki upesi kama metali. Miaka ya 1990 vihisi vya mchapuko viliingia katika magari ili kufyatua mifuko ya hewa wakati wa ajali, na tangu hapo havikurudi nyuma.

Sasa nije kwenye udogo. Mchemraba ukipunguzwa mara 10 kwa kila upande, eneo la uso wake hupungua mara 100, lakini ujazo wake, na kwa hiyo uzito wake, hupungua mara 1,000. Maana yake ni kwamba kadiri kitu kinavyokuwa kidogo, uzito hupoteza mamlaka na uso hutawala. Ndiyo sababu kuna wadudu wanaotembea juu ya maji. Kwa mhandisi wa vifaa hivi, sheria hiyo ni neema na ni balaa. Ni neema kwa sababu springi nyembamba kuliko unywele huweza kustahimili mshtuko ambao ungevunja mashine kubwa, maana tungamo linalobebwa karibu halina uzito. Ni balaa kwa sababu nyuso mbili zikigusana huweza kugandana zisiachane tena. Katika miaka ya mwanzo, vifaa vingi viliharibika kabla hata havijatumika: baada ya kuoshwa kiwandani, maji yaliyokuwa yakikauka chini ya tungamo yalilivuta hadi chini na kulibandika huko. Ilibidi zitafutwe njia za kukausha bila kuwepo uso wa kimiminika unaolivuta tungamo, kwa mfano kwa kutumia kabonidioksidi iliyokandamizwa na kupashwa joto hadi mpaka kati ya kimiminika na gesi ukatoweka.

Kuna mpaka mwingine ambao haukwepeki kwa ufundi wowote wa kiwandani. Molekuli za hewa hulipiga tungamo kutoka kila upande, na joto la silikoni yenyewe huitikisa. Tungamo kubwa halijali, lakini tungamo jepesi hutikisika kwa mapigo hayo, na mtikisiko huo unafanana kabisa na mwendo halisi wa polepole. Kwa hiyo kulipunguza tungamo ni kununua udogo kwa bei ya kelele, yaani mtikisiko usio na maana unaochanganyika na kipimo. Vihisi bora vya kuongozea vyombo vya angani na vya baharini vimebaki vikubwa kwa sababu hiyo, na sioni dalili kwamba sheria hii ya asili itatusamehe. Anayesubiri kihisi cha ukubwa wa chembe ya vumbi kitakachopima kwa usahihi wa kile chenye ukubwa wa ngumi atasubiri sana.

Nusu ya pili ya tatizo ni kasha. Watu husifu silikoni, lakini aliyewahi kufanya kazi na vihisi hivi anajua kwamba makosa mengi huzaliwa nje yake. Plastiki ya kasha hunyonya unyevu wa hewa na kuvimba kwa kiasi kidogo sana. Joto la kulehemu huacha mkazo katika ubao wa saketi. Skrubu niliyoikaza mezani kwangu bila shaka nayo ilichangia. Mikazo hiyo husogeza nguzo za tungamo kwa kipimo kisichoonekana kwa macho, na sifuri ya kihisi, yaani namba kinayoitoa kikiwa kimetulia, huhama. Kwa kuwa plastiki hukauka na kulowa kwa majira, sifuri hiyo haitulii mahali pamoja.

Tukio la mwaka 2018 linaonyesha jinsi kasha linavyoweza kumsaliti hata aliyejihadhari. Katika hospitali moja nchini Marekani, mafundi walikuwa wakisimika mashine ya kupiga picha za mwili kwa sumaku, na gesi ya heli inayotumiwa kupoza sumaku hiyo ikavuja ndani ya jengo. Simu na saa za mkononi kadhaa za chapa moja zikazimika, ilhali vifaa vya chapa nyingine viliendelea kufanya kazi kama kawaida. Wengi walidhani sumaku ndiyo iliyoharibu. Kisa kilikuwa katika kipande kidogo sana: simu zile zilitumia, kwa ajili ya kupiga mapigo ya saa yake, kitetemeshi cha silikoni badala ya kipande cha kwazi, fuwele inayotumiwa katika saa nyingi, na kitetemeshi hicho hukaa katika ombwe. Atomi za heli ni ndogo kiasi kwamba hupenya mahali ambapo gesi nyingine hazipiti. Zilipoingia, ombwe halikuwa ombwe tena, mapigo yakavurugika, simu ikapoteza hesabu ya muda na kuzima. Baada ya siku kadhaa katika hewa safi heli ilitoka, na simu nyingi zikafufuka. Ninachojifunza hapo ni kwamba kipande hicho hakikuwa na njia ya kusema, "Ombwe langu limeharibika." Kilichoka kimya, na kila mtu akaanza kutafuta kosa mahali pengine.

Inasikitisha kwa sababu wazo la kifaa kujichunguza si geni kabisa. Vihisi vya mifuko ya hewa vya miaka ya 1990 vilikuwa nalo. Dereva anapowasha gari, saketi huweka umeme kwenye vidole vichache, umeme huo hulivuta tungamo kama ambavyo ajali ingelivuta, na kihisi hulinganisha kinachokiona na kinachopaswa kuonekana. Kama haviwiani, taa huwaka. Waliobuni utaratibu huo walielewa kwamba kihisi cha usalama kilichokufa bila taarifa ni hatari kuliko kutokuwa na kihisi, maana mtu anayekitegemea ameacha kujihadhari.

Mfano mwingine ninaoupenda uko mbali sana. Darubini ya angani ya James Webb, iliyorushwa Desemba 25, 2021, ina ndani yake karibu robo milioni ya vilango vidogo, kila kimoja kikiwa na upana wa takriban mikromita 100 na urefu wa mikromita 200. Hufunguliwa na kufungwa kimoja kimoja ili kuruhusu mwanga wa galaksi fulani upite na kuzuia mwingine. Iko kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, wala hakuna fundi atakayefika. Baadhi ya vilango havifunguki. Lakini wahandisi wanajua ni vipi, wana ramani yake, na wanapanga uchunguzi wao kwa kuvizunguka. Kosa linalojulikana mahali lilipo ni sehemu ya kipimo.

Na kwa wanaosema kwamba vifaa vya silikoni haviwezi kutulia, ninawaelekeza kwenye kazi ya Chuo Kikuu cha Glasgow, ambako mwaka 2016 watafiti walitangaza kipima mvutano kilichochongwa kwa mbinu zile zile za vihisi vya simu, ambacho kiliweza kuona jinsi ardhi yenyewe inavyoinuka na kushuka kwa kuvutwa na mwezi na jua. Mawimbi hayo ya ardhi huja na kwenda kwa mzunguko wa karibu nusu siku. Ili kuyaona, kifaa kinapaswa kukaa bila kuhama kwa siku nyingi mfululizo, na siri kubwa ilikuwa kubuni springi laini mno na kudhibiti halijoto kwa ukali mkubwa. Hiyo ndiyo aina ya maendeleo ninayoyatamani: springi ile ile, malighafi ile ile, ila iliyofikiriwa upya kwa ajili ya utulivu.

Wapo wanaotumaini kwamba wingi utatibu udhaifu wa mmoja mmoja. Kuna ukweli ndani yake. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley walitoa programu inayotumia vihisi vya simu za watu kutambua matetemeko ya ardhi, na tangu 2020 Google nayo imekuwa ikifanya hivyo kupitia simu za Android. Simu moja ikitikisika huenda imeanguka tu. Mamia ya simu zikitikisika kwa mpangilio unaosambaa kama wimbi ni tetemeko. Lakini wingi huondoa tu makosa yanayotofautiana. Vihisi 1,000 vilivyotoka katika kiwanda kimoja, vikatiwa katika plastiki ya aina moja na kuwekwa kwenye joto moja, vitahama kuelekea upande mmoja, na wastani wake utakuwa uongo uliokubaliwa na wote.

Kuhusu nishati sina mengi, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi. Betri bapa kama sarafu, yenye volti 3 na takriban miliampia-saa 225, inaweza kulisha kifaa kinachotumia mikrowati 10 kwa zaidi ya miaka 7. Kinachoimaliza ni redio, ambayo wakati wa kurusha taarifa hutumia makumi ya miliwati, yaani maelfu ya mara zaidi. Kwa hiyo njia inayofuatwa sasa ni kuweka ubongo mdogo ndani ya kihisi chenyewe, ambao huamua kipi kinastahili kutumwa na kipi kitupwe. Ninaielewa sababu, na kwa upande wa faragha ninaifurahia: taarifa isiyotoka haiibiwi. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba jairoskopu ya simu huweza kunasa mitetemo ya sauti ya mtu aliye karibu, wakati ambapo programu ziliruhusiwa kuisoma bila kuomba idhini. Hata hivyo nina wasiwasi. Kihisi kinachosafisha namba zake kabla ya kuzitoa huweza pia kusafisha dalili za ugonjwa wake. Ningependa kila kifaa cha aina hiyo kiache mlango wa kufikia namba ghafi kwa mwenye haki ya kuziona.

Mahali ambapo suala hili halikubali mzaha ni ndani ya mwili. Mwaka 2014 mamlaka ya Marekani inayosimamia chakula na dawa iliidhinisha kihisi kidogo kiitwacho CardioMEMS, ambacho huwekwa katika mshipa unaopeleka damu kwenye mapafu kwa wagonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi ipasavyo. Hakina betri. Mgonjwa hulala juu ya mto wenye antena, mawimbi ya redio hukiamsha, na masafa kinayoitikia huonyesha kanieneo ya damu, ili daktari arekebishe dawa kabla hali haijawa mbaya. Ni kazi inayonigusa sana. Pia ni kazi ambamo kuhama kwa sifuri kwa kiasi kidogo tu huweza kumaanisha dozi isiyofaa, na kifaa hakiwezi kutolewa kikalinganishwe kila mwaka na kipimo kinachoaminika, kama ugezi, yaani kazi ya kuhakiki vipimo, unavyotaka kwa mizani na vipimajoto. Ugezi wa kifaa cha namna hiyo lazima uwe umejengwa ndani yake tangu siku ya kwanza.

Ndipo ninapoona kazi kubwa ya miaka ijayo: vihisi vinavyojisukuma vyenyewe mara kwa mara na kupima mwitikio wake, vyenye tungamo la pili lisilopokea mwendo, la kulinganishia tu, vinavyopima halijoto na mkazo wa kasha lake, na vinavyotoa, kando ya kila namba, kiasi cha kuaminika kwa namba hiyo. Vipande vya jambo hili tayari vipo maabarani na hata viwandani, lakini mnunuzi akisoma karatasi ya sifa za kihisi cha kawaida ataona kelele, nishati na upana vikitajwa kwenye ukurasa wa kwanza, ilhali kuhama kwa sifuri baada ya mwaka kutakuwa kumefichwa mwishoni au hakumo kabisa.

Nilirudia jaribio langu wiki iliyofuata. Safari hii niliandika halijoto ya chumba pamoja na namba za kihisi, na nikaona kosa likipanda na kushuka nayo usiku kucha. Kisha nikakigeuza kihisi pande zote 6, kila upande ukiangalia chini kwa zamu yake, ili mvutano wa dunia wenyewe uwe mizani ya kulinganishia, na nikasahihisha namba kwa matokeo hayo. Kosa likapungua hadi karibu sehemu ya kumi ya lile la kwanza. Nimekirudisha mezani bila kulegeza skrubu, nimeandika tarehe kwenye karatasi na kuibandika kando yake, na baada ya miezi 6 nitakigeuza tena pande zote 6 nione sifuri imehamia wapi.